Msaragambo usiogeuka shokoa: jinsi ya kuweka kazi ya lazima kijijini kwa haki

Mtaro wa bomba ukichimbwa na watu thelathini, maji yatawafikia watu mia mbili. Mkiitisha tena wiki inayofuata watakuja ishirini, kwa sababu kumi wamekwisha kuona kwamba jirani aliyebaki shambani kwake atateka maji kwenye kituo kilekile. Mwezi wa pili mtabaki na mwenyekiti wa kitongoji, kina mama wa kikundi kimoja na vijana wawili waliotumwa na baba yao. Kazi ya kujitolea haifi kwa uvivu wa watu. Hufa siku ile anayejituma anapoona anafanywa mjinga.

Mwongozo huu ni wa halmashauri ya kijiji Tanzania Bara inayotaka msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, uwe wa lazima na bado uwe mali ya wanakijiji. Msimamo wetu tunausema wazi: katika nchi ya kidemokrasia, jamii ina haki ya kumdai kila mwenye nguvu sehemu ya jasho lake. Haki hiyo inasimama juu ya mafiga matatu. Wanaodaiwa wawe wameulizwa, kazi iwanufaishe wao wenyewe, na mzigo uwe sawa kwa wote. Figa moja likiondoka, chungu kinamwagika na mnabaki na shokoa, yaani kazi ya kushurutishwa.

Mpaka wa sheria

Ibara ya 25 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kazi ya shuruti. Ibara ndogo ya (3) inataja kazi ambazo hazihesabiwi kuwa za shuruti: inayotokana na hukumu au amri ya mahakama, ya wanajeshi, ya dharura au baa, na ile ambayo ni sehemu ya majukumu ya kawaida ya ustawi wa jamii au ya ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria. Shikeni maneno hayo ya mwisho, “kwa mujibu wa sheria”. Azimio la kikao, hata likipita kwa shangwe, si sheria.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ambao Tanganyika ilikubali kufungwa nao mwaka 1962, unazitoa kwenye marufuku kazi ndogondogo za jamii zinazofanywa na wanajamii kwa faida yao ya moja kwa moja, ikiwa wao au wawakilishi wao wana haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Mkataba Na. 105 wa 1957 nao unakataza kutumia kazi ya lazima kama njia ya kukusanya nguvukazi kwa ajili ya maendeleo ya kiuchumi. Kwa lugha ya kijijini: mtaro wa maji yenu, ndiyo. Barabara ya kitongoji, zahanati, darasa, kisima, makaburi, ndiyo. Shamba la mwekezaji, tofali za nyumba ya kiongozi, mradi ambao mkandarasi amekwisha kulipwa kuufanya, hapana, hata mkutano mkuu ukipiga makofi.

Ukali huu una historia. Kusini, mashamba ya pamba ya lazima chini ya Wajerumani yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Milima ya Uluguru, mwaka 1955, watu walikataa kuchimba matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, vurugu zikazuka na mpango ukaachwa. Matuta yale yalikusudiwa kuzuia udongo usiteremke na maji, kwa hiyo sababu ya kitaalamu ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuulizwa. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na mamia wakafukuzwa. Na wazee wenu wanakumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003, jinsi mgambo walivyokuwa wakiweka vizuizi njiani.

Linganisheni na Austria. Tarehe 20 Januari 2013 raia waliulizwa kwa kura kama utumishi wa lazima wa vijana wa kiume ubaki, pamoja na ule wa kiraia unaowapeleka kwenye magari ya wagonjwa na nyumba za wazee. Karibu asilimia 60 walisema ubaki. Lazima iliyopigiwa kura na wanaoibeba ina uzito mwingine kabisa, na hicho ndicho mnachokwenda kukijenga kwa hatua zifuatazo.

Chagueni kazi kabla ya kuandika sheria

Kosa linaloua misaragambo mingi ni kuita watu kabla vifaa havijafika. Nchi nzima kuna maboma ya madarasa yaliyofika usawa wa renta, nyasi zimeota ndani, kwa sababu wananchi walimaliza sehemu yao na bati halikuja. Mawe yaliyosombwa yakachukuliwa moja moja, mchanga ukaondoka na mvua. Watu wale ukiwaita tena watakuuliza, “Yale mawe yetu yako wapi?” na huna jibu.

Kwa hiyo wekeni kanuni: jembe la kwanza halipigwi chini mpaka mabomba yawe stoo, fundi awe amesaini, na tarehe yake ya kuanza iwe inajulikana. Mtaro unaosubiri bomba masika nzima hubomoka kingo na kujaa tope, ng'ombe hutumbukia, na kazi ya watu mia huwa ya kurudiwa.

Kupitisha sheria ndogo

Mamlaka yenu yanatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, iliyotungwa 1982. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu. Inabandika tangazo kwenye mbao za vitongoji vyote pamoja na rasimu yenyewe. Wapeni watu si chini ya siku saba, na tumeni mtu akaisome kwa sauti kwenye kila kitongoji kwa ajili ya wasiosoma. Mkutano mkuu wa kijiji unaijadili. Halmashauri ya kijiji inaipitisha baada ya kuzingatia maoni hayo, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ikirudi na idhini ndipo inakuwa sheria. Kabla ya hapo hakuna faini, hakuna barua ya wito, hakuna kumweka mtu chini ya ulinzi. Mtendaji wa kijiji anayetoza faini kwa azimio la mkutano peke yake anatoza kinyume cha sheria, na anayemlipa ana haki ya kudai pesa yake.

Rasimu nyingi hurudishwa na wilaya kwa mambo matatu: muhtasari hauna orodha ya mahudhurio yenye sahihi, akidi haikutimia, au faini imezidi ukomo wa sheria mama. Mpelekeeni mwanasheria wa halmashauri rasimu mapema, kabla ya mkutano mkuu, ili msiwarudishe watu kujadili upya kitu walichokwisha kukubali.

Mkutanoni msiulize, “Mnaunga mkono maendeleo?” Hakuna atakayekataa, na mtakuwa hamjaulizana kitu. Ulizeni: siku ngapi kwa mwaka, saa ngapi, siku gani ya wiki, nani asamehewe, asiyekuja afanyweje. Pigeni kura kwa kila swali. Andikeni waliokubali na waliokataa, idadi zote mbili.

Kwa mtaa wa mjini njia hii haipo, kwa sababu mtaa hautungi sheria ndogo kama kijiji. Hoja inapelekwa kwa diwani ili itungwe na halmashauri ya mji, manispaa au jiji.

Vifungu vyenyewe

Maneno haya yanaweza kunakiliwa na kubadilishwa tarakimu:

“Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 mwenye uwezo wa kufanya kazi atashiriki msaragambo kwa wastani wa siku moja kwa mwezi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 4:30, na si zaidi ya siku 12 kwa mwaka.

Hakuna mtoto atakayefanya kazi badala ya mtu mzima, wala mke badala ya mume ambaye naye anadaiwa.

Asiyeweza kazi ya nguvu lakini akapenda kushiriki atapewa kazi nyepesi, na itahesabiwa sawa.

Kazi itakuwa ile tu iliyopitishwa na mkutano mkuu kwa jina, mahali na idadi ya siku.

Sheria hii itakoma baada ya miaka miwili, isipokuwa mkutano mkuu umeihuisha.”

Kifungu cha pili ni cha kupigania. Vijiji vingi hudai “kila kaya itoe mtu mmoja”. Inaonekana rahisi kuhesabu, lakini matokeo yake yanajulikana: baba anamtuma mama, mama akiwa na kichanga anamtuma binti, na siku ya shule inapotea. Zaidi ya hapo, mjane anayeishi peke yake anatoa sawa na nyumba yenye vijana wanne. Hesabuni nguvukazi, mtu kwa mtu. Orodha itakuwa ndefu, lakini itakuwa ya haki.

Wasamehewe wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa, mwenye kuuguza, na mfiwa kwa siku mtakazokubaliana. Mtu mwenye ulemavu aulizwe mwenyewe anataka nini. Asifutwe kwenye orodha kana kwamba si mwanakijiji. Kuandika mahudhurio, kutunza vifaa, kusimamia foleni ya maji ya kunywa na kuangalia watoto wa waliomo kazini ni kazi kamili.

Siku ya wiki ina mitego yake. Ijumaa ina swala, Jumamosi ni sabato kwa Wasabato, Jumapili ni ibada ya wengine, na siku ya mnada au gulio hakuna atakayekuja. Kwa vijiji vingi inabaki Jumatano au Alhamisi. Msiite kazi wiki za kupanda wala za kuvuna. Afadhali siku mbili mwezi wa ukame kuliko moja mwezi ambao mvua ya kwanza imenyesha.

Saa tatu zinatosha. Rwanda, ambako umuganda ni wa kisheria kwa wenye miaka 18 hadi 65, kazi hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kisha watu hukaa kikao. Kile kikao baada ya kazi ni jambo la kuiga: watu wakiwa bado na udongo miguuni, maswali yao huwa ya kweli.

Kugawa ngwe

Mkimwambia mtu “fanya kazi saa tatu”, atasimama saa tatu. Mpeni kipande chake, akimaliza aende nyumbani.

Tuchukue mtaro wa bomba wa mita 1,800, upana sentimita 40, kina sentimita 80. Kwa udongo wa kawaida mtu mzima asiye mzoefu humudu mita 3 kwa asubuhi moja, yaani karibu mita moja ya ujazo. Udongo mgumu mpimieni mita 2. Penye changarawe na mawe, mita 1. Kama njia yote ni udongo wa kawaida, 1,800 gawanya kwa 3 ni ngwe 600, yaani vipande 600 vya mtu mmoja mmoja. Orodha ikiwa na watu 210, msipange kwa 210; pangeni kwa 150, maana wapo wagonjwa, wasafiri na wafiwa. 600 kwa 150 ni siku nne. Ongezeni siku moja ya kufukia na moja ya akiba. Mtakwenda mkutano mkuu kuomba siku sita, na mtaweza kueleza kila moja imetoka wapi.

Jioni ya kabla ya kazi, msimamizi anakwenda na kamba ya katani ya mita 30 yenye fundo kila baada ya mita 9, na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kila fundo. Anaivuta kwenye mstari alioupima fundi, anapigilia kigingi kila kwenye fundo, anaandika namba kwa chokaa kwenye jiwe au ubao mdogo kando yake. Mita 9 ni ngwe ya watu watatu: mmoja anakatua, mmoja anachota, mmoja anapumzika na kusawazisha kingo, wakizunguka. Msimamizi anakata fito mbili, moja ya sentimita 80 na moja ya 40, na kila kundi linapewa jozi yake. Ngwe inakubaliwa fito ya kina ikisimama popote katika mita zote 9 bila ncha yake kuchungulia juu ya ardhi, na fito ya upana ikilala chini bila kukwama. Hakuna mabishano, wala hakuna kubembeleza.

Ngwe zigawiwe kwa kura, vipande vya karatasi kwenye kofia, mbele ya watu. Vinginevyo jiwe kubwa litaangukia kwa wale wale kila mara, na udongo tifutifu utakwenda kwa jamaa wa viongozi. Mwenyekiti na mtendaji nao wachukue karatasi. Hili halina mjadala: kiongozi anayesimama kando na daftari huku wengine wakichimba amekwisha kuvunja figa la tatu.

Vifaa huharibu siku kuliko uvivu. Watu huja na majembe ya mkono, na jembe peke yake haliwezi kufika chini ya nusu mita ndani ya mtaro mwembamba. Halina nafasi ya kugeuka. Kwa watu 150, yaani makundi 50, tafuteni mabeleshi 50, sururu 25 na mitarimbo michache ya penye mawe. Wiki moja kabla, kila kitongoji kiandike nani ana nini. Vilivyoazimwa viwekwe alama ya rangi na virudi siku ileile. Beleshi likipotea kijiji kinalipa. Maji ya kunywa, lita 2 kwa mtu, jumla lita 300, yawepo kabla ya saa 1:30.

Udongo uliochotwa urundikwe nusu mita kutoka ukingoni. Palipo na kina cha zaidi ya mita 1.2, kingo zikatwe mshazari kabla mtu hajaingia. Kingo zilizosimama wima zikianguka humfukia mtu kifuani, na hapo dakika ni chache. Wekeni sanduku la huduma ya kwanza, na fungu la kumtibu atakayeumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa walioajiriwa, na hawa hawajaajiriwa na mtu. Kijiji kinachomlazimisha mtu kazi kinawajibika kumtibu, na hilo liandikwe ndani ya sheria ndogo.

Siku ya kufukia fundi awepo. Chini ya bomba pawekwe udongo laini usio na mawe, sentimita 10, na juu yake 15, ndipo mengine yarudishwe. Maungio yaachwe wazi mpaka maji yapitishwe na kukaguliwa. Kina kisipungue sentimita 60; bomba likilazwa juu juu, majembe ya wakulima yatalikata msimu wa kwanza tu.

Daftari

Mistari iwe hii: namba, jina, kitongoji, namba ya ngwe, saa ya kufika, imekubaliwa au bado, sahihi au dole gumba. Anayeandika awe mtu mmoja na anayekubali ngwe awe mwingine, kutoka kitongoji kingine. Kabla ya watu kutawanyika, majina yote yasomwe kwa sauti. Aliyesahauliwa atasema palepale, si mwezi ujao mbele ya mtendaji akiwa ameshika barua ya faini.

Watakaotegea

Mtegaji wa kwanza asikimbiliwe na faini. Apewe siku kumi na nne kufidia ngwe yake, kwa siku anayoitaka yeye, akikubaliwa na msimamizi yuleyule. Wengi huishia hapo. Akikataa, aitwe kwa maandishi ajieleze mbele ya halmashauri ya kijiji; huenda ana sababu ambayo hakuna aliyeijua. Faini ndiyo ngazi ya mwisho, na itolewe stakabadhi halali ya serikali. Pesa isiyo na stakabadhi isipokelewe hata ikiwa ni shilingi mia tano.

Yapo mambo ambayo hayaruhusiwi kabisa, na tunayataja kwa sababu yanafanyika: kuchukua kuku, mbuzi, sufuria au mlango wa mtu; kumfungia mtu ofisini; kumrudisha mtoto nyumbani kutoka shule kwa deni la mzazi; kumnyima mgonjwa huduma ya zahanati; kukataa kumwandikia mtu barua ya utambulisho mpaka aonyeshe amechimba. Barua ile ni haki ya mkazi. Kuigeuza kuwa rungu kunawafanya watu waichukie kazi, na baada ya kazi wakichukie kijiji.

Je, mwenye pesa alipe badala ya kufanya? Wengine huruhusu bila kikomo, na tunaliona hilo kuwa kosa. Mwenye duka akilipia siku zote 12, msaragambo unakuwa adhabu ya maskini. Wekeni kikomo: asilipie zaidi ya nusu ya siku zake, kwa bei ya kibarua ya siku katika eneo lenu. Anayeishi Dar es Salaam na kurudi Krismasi tu si mkazi, na msimweke kwenye orodha; mwombeni mchango, akitoa ashukuriwe.

Kutoa hesabu

Mkutano mkuu wa kawaida hukutana kila miezi mitatu. Someni hapo mambo matano: siku zilizofanywa na zilizobaki, ngwe zilizokamilika kwa kila kitongoji, waliosamehewa na sababu kwa ujumla bila kutaja ugonjwa wa mtu, faini zilizotozwa na zilikokwenda, na gharama za vifaa. Bandikeni karatasi hiyohiyo kwenye mbao kwa siku thelathini. Faini za msaragambo zitumike kwa kazi ya msaragambo: mabeleshi, mipini, dawa za sanduku. Zikilipia posho za vikao, watu watajua ndani ya wiki moja.

Siku zilizopitishwa zikiisha na kazi haijaisha, msiongeze kimyakimya. Rudini mkutanoni na kipimo cha kilichobaki, kwa mita, mwombe siku mpya zipigiwe kura. Kazi ikiisha kabla, siku zilizobaki zinafutwa. Haziwi deni la kuhamishiwa mradi mwingine. Na miaka miwili ikikaribia, bandikeni tangazo miezi mitatu kabla, na mwanzoni mwa mkutano fungueni bomba la kituo kilicho karibu ili kila mtu aone kama maji yanatoka, kabla hawajaulizwa tena kama wanataka sheria hiyo iendelee.